Unga mweupe kwenye miguu ya farasi: kabla hujawapaka rangi upya askari wa Napoleon

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Ninaishi Leicester, Uingereza, na mwezi uliopita nilinunua sanduku la visanamu vya askari wa farasi wa Kifaransa wa enzi za Napoleon, vya kuchezea michezo ya vita mezani. Vipo 24: 16 ni vya metali laini, vya kipimo cha milimita 25, na 8 ni vya plastiki ngumu. Aliyeniuzia anasema vile vya metali vilikaa kwenye droo ya kabati la mwaloni la baba yake tangu miaka ya 1970. Vimepakwa rangi nene inayong'aa, panga tano zimevunjika, na miguu ya farasi sita ina unga mweupe kama chokaa. Rafiki yangu mmoja anasema huo ni ugonjwa wa bati unaoambukiza, nivitupe vyote. Mwingine anasema niviloweke kwenye siki usiku kucha, kisha nivipake rangi upya. Nataka viwe kikosi cha mwaka 1812. Nianzie wapi? Nina mtoto wa miaka minne nyumbani."

Marahaba, ndugu yangu. Kabla ya mengine yote, nakuomba visanamu hivyo visiguswe na siki hata kwa dakika tano. Kama umekwisha kuviloweka, vitoe sasa hivi, visuuze kwa maji mengi, vikaushe kabisa, kisha urudi kusoma yaliyobaki.

Katika swali lako naona hofu tatu zilizofungamana: kama unga huo ni maradhi, kama visanamu vinaweza kuokolewa, na kama ni salama kuwa navyo nyumba moja na mtoto. Nitaanza na unga, kwa sababu ndio utakaoamua kisanamu kipi kinastahili kupakwa rangi. Wengi huanza na brashi, wakapaka rangi nzuri juu ya tatizo lililofichika, na baada ya mwaka mmoja rangi ile huvimba, hupasuka na kubanduka pamoja na kipande cha kwato.

Rafiki yako wa kwanza ametaja jambo lililopo kweli, ila silo hili. Bati safi likikaa muda mrefu kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi 13 za Selsiasi huweza kubadili mpangilio wa atomi zake na kuvunjika kuwa unga wa kijivu. Hata hivyo, mabadiliko hayo huhitaji bati lililo safi sana, huenda polepole, na huzuiwa na risasi (ile metali nzito laini, si risasi ya bunduki) au antimoni, metali nyingine, inayochanganywa humo. Na visanamu karibu vyote huwa na mchanganyiko wa namna hiyo. Visanamu vya miaka ya 1970 mara nyingi vina risasi nyingi. Ukitaka kuhakikisha, vaa glovu, kwaruza kidogo rangi iliyo chini ya kitako cha kisanamu, halafu kikokote juu ya karatasi nyeupe. Metali yenye risasi nyingi itaacha mstari wa kijivu kama wa penseli.

Unga unaouona, basi, ni kutu ya risasi, na chanzo chake ni ile droo. Mbao hutoa mvuke wa asidi ya asetiki, yaani asidi ileile iliyomo ndani ya siki, na mwaloni ni miongoni mwa miti inayoutoa kwa wingi. Ndani ya droo iliyofungwa mvuke huo hauna pa kwenda. Unapoigusa risasi, huigeuza kuwa chumvi. Kisha unyevu na hewa ya kaboni dioksidi huigeuza chumvi hiyo kuwa kaboneti ya risasi, ambayo ndiyo huo unga mweupe. Hapo asidi huachiliwa tena, ikaenda kula sehemu nyingine. Ndiyo maana asidi kidogo sana huweza kufanya kazi kwa miaka 40 bila kwisha, na ndiyo maana kuufuta unga peke yake hakuponyi kitu. Tena unga huo huchukua nafasi kubwa kuliko metali iliyoliwa, hivyo huisukuma rangi kutoka chini mpaka ikabanduka.

Haki ya kusema kwamba kutu hii inaambukiza ni ndogo. Kisanamu hakimpi mwenzake maradhi; vyote vimevuta hewa moja ndani ya droo moja, na vile vyenye risasi nyingi zaidi au rangi nyembamba zaidi vimeanza kuoza mapema. Kwa hiyo usivitupe vyote 16 kwa sababu ya sita.

Kuhusu siki, nakuomba ulielewe jambo hili kwa undani, maana ushauri huo unatolewa na watu wengi wenye nia njema. Kwa karne nyingi huko Ulaya watengenezaji wa rangi nyeupe waliuhitaji unga huuhuu, na waliupata kwa kuweka vipande vya risasi ndani ya vyungu vyenye siki, wakavifukia kwenye samadi iliyotoa joto na kaboni dioksidi, na baada ya majuma kadhaa wakaukwangua unga uliojitengeneza. Siki itauyeyusha unga unaouona leo, nawe utadhani umefaulu. Kumbe itakuwa imeingia kwenye vitundu vya metali na kuanzisha upya mzunguko uleule.

Sasa chukua farasi mmoja kati ya wale sita umweke chini ya taa. Utaona kwamba unga umeanzia kwenye miguu, juu kidogo ya kwato, na pengine kwenye hatamu. Sehemu hizo ni nyembamba, zina uso mkubwa wa kuguswa na hewa kuliko ujazo wake, na juu ya kingo kali rangi hukaa nyembamba. Lowesha kijiti cha meno, ukisugue taratibu pale penye unga. Kama chini yake kuna metali ngumu ya kijivu, hata ikiwa na vishimo, farasi huyo anaokoka. Kama kijiti kinazama na mguu unameguka kama chaki iliyolowa, mguu huo umekwisha. Niliwahi kumshika farasi wa aina hiyo kwa vidole viwili. Kwa macho alionekana mzima, na mguu wa mbele ukabaki mkononi mwangu kwa sababu ndani haikuwamo metali hata punje. Katika hali hiyo unaweza kujenga mguu mpya kwa waya na udongo wa epoksi, ule wa sehemu mbili unaochanganywa ukawa mgumu, lakini kwa maoni yangu ni afadhali kumnunulia mpandaji farasi mwingine.

Kabla ya kusafisha, tuzungumze kuhusu mtoto wako. Kuishika risasi ngumu kwa mkono si hatari kubwa, kwa kuwa haipenyi ngozi kwa urahisi. Hatari ni unga, ambao hushika vidole, huingia mdomoni, na tumboni huyeyuka vizuri kuliko metali yenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto wadogo huathirika zaidi, hasa ubongo wao unaokua. Wajawazito nao wanapaswa kukaa mbali. Rangi za zamani zenyewe pia huweza kuwa na risasi. Kwa hiyo kazi hii isifanyike kwenye meza ya chakula wala sebuleni kwenye zulia. Vaa glovu, usile wala kunywa ukiwa kazini, na usipige msasa mkavu hata mara moja. Futa meza kwa kitambaa chenye maji, nawa mikono kwa sabuni, na nguo uliyoivaa ifuliwe peke yake.

Kusafisha kwenyewe ni kazi ya subira isiyohitaji dawa ya ajabu. Weka maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa, kwenye bakuli ambalo halitarudi jikoni kamwe, na usugue unga kwa brashi ndogo ya nyuzi za shaba huku kisanamu kikiwa kimelowa, ili vumbi lisipae. Suuza kwa maji mengine safi ya namna hiyohiyo, kikaushe mara moja kwa kitambaa, kisha kiache mahali pakavu penye joto la wastani kwa siku nzima. Usikiache kwenye maji usiku kucha. Tope linalobaki usilimwage kwenye sinki. Liache likauke humohumo kwenye chombo, lifunge kwenye mfuko pamoja na glovu, na uulize halmashauri ya mji wako ni kituo gani kinapokea taka za sumu.

Je, uiondoe rangi ya zamani kwenye vyote? Hapa nina msimamo ambao si kila mtu anaukubali. Ikiwa bado unaviona vifungo vya koti na vidole vya mkono ulioshika hatamu, basi rangi si nene kama unavyodhani. Kinachokusumbua ni vanishi iliyogeuka njano na kung'aa. Mara nyingi rangi hizo zilipakwa na mtu makini aliyetumia jioni nyingi, na ukikiosha kisanamu kwa maji vuguvugu yenye sabuni laini, ukarekebisha palipochubuka na kupaka vanishi mpya isiyong'aa, utashangaa jinsi kinavyoamka. Rangi iondolewe pale tu ilipojaza mikunjo yote, inapobanduka, au pale kutu ilipoingia chini yake. Kwa hiyo wale farasi sita lazima wavuliwe rangi yote. Wengine wapime mmoja mmoja. Kabla ya kuanza, vipige picha vyote, na utazame chini ya vitako, maana mara nyingi jina la mtengenezaji limeandikwa hapo.

Visanamu vya metali huvuliwa vizuri kwa asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha, mradi iwe safi isiyo na mafuta wala manukato. Itie kwenye mtungi wa kioo wenye kifuniko, mbali na moto, dirisha likiwa wazi. Baada ya saa chache rangi hulegea, na gundi ya haraka iliyomshika mpandaji kwenye tandiko hulegea pia, jambo ambalo ni baraka, kwani farasi na mpandaji hupakwa vizuri zaidi wakiwa mbalimbali. Vile vinane vya plastiki usivisogeze karibu na asetoni, kwa maana plastiki ngumu ya polistirini huyeyuka humo. Kwa hivyo tumia Dettol, ile ya kahawia ambayo wengi wetu tuliogeshwa nayo utotoni, bila kuichanganya na maji, kwa siku moja. Siri yake ni hii: visugue kwa mswaki wa zamani ukiwa bado unatumia Dettol, uvisuuze kwa Dettol nyingine safi, na baada ya rangi yote kutoka ndipo utumie maji na sabuni. Ukivipeleka majini mapema, mchanganyiko hugeuka uji mweupe unaonata ambao utakuchosha kuuondoa. Magadi makali ya kuzibulia mabomba usiyatumie, kwa sababu yanaunguza macho na ngozi, na yanaila risasi na bati pia.

Panga zilizovunjika ndizo kazi ninayoipenda kuliko zote. Upanga wa askari wa deraya wa Kifaransa, yaani askari wa farasi waliovaa kinga ya chuma kifuani na mgongoni, ulikuwa mrefu na ulionyooka. Bapa lake lilikuwa na urefu wa sentimeta 97 hivi, na kwa kisanamu cha milimita 25 hiyo ni kama milimita 14. Chukua waya wa shaba ya manjano wenye unene wa milimita 0.8, ulaze juu ya chuma, uupige kwa nyundo ndogo mpaka milimita 14 za mwisho zibapatike, na uache milimita tatu zikiwa mviringo. Chonga ncha kwa tupa. Kisha toboa ngumi ya mpandaji kwa keekee ndogo ya mkono, uingize ile sehemu ya mviringo, na uishike kwa gundi ya epoksi ya sehemu mbili. Gundi ya haraka hukauka upesi, lakini haivumilii kugongwa, na mezani upanga hugongwa kila mchezo. Miguu iliyopinda inyooshe mara moja tu, kwa vidole, polepole. Kila unapokunja na kukunjua unaongeza nyufa usizoziona.

Kuhusu sare ya mwaka 1812 nitakwenda upesi, kwa kuwa uamuzi ni mwepesi ukishajua wapandaji wako ni akina nani. Askari wa deraya walikuwa na vikosi 14, wote koti la buluu nzito lenye mapambo mekundu ya mabegani. Rangi ya kikosi huonekana kwenye kola na mikunjo ya koti: nyekundu kwa kikosi cha 1 hadi cha 3, ya machungwa kwa cha 4 hadi cha 6, manjano kwa cha 7 hadi cha 9, waridi kwa cha 10 hadi cha 12, na ya mvinyo kwa cha 13 na cha 14. Kofia zao ni za chuma cheupe, zenye singa nyeusi za farasi zinazoning'inia nyuma. Ukimkuta mpiga tarumbeta asiye na deraya, usidhani ametengenezwa vibaya. Kwa kawaida wao hawakuivaa. Na ukikuta wapandaji wenye deraya lakini kofia zina kishungi kinene chekundu kama kiwavi, hao ni karabinie, aina nyingine ya askari wa farasi, ambao kuanzia 1810 walivaa koti jeupe na deraya iliyofunikwa shaba ya manjano. Deraya ya mmoja wao, Fauveau, aliyekuwa kwenye vita vya Waterloo tarehe 18 Juni 1815, imehifadhiwa kwenye Jumba la Makumbusho ya Jeshi mjini Paris, nayo ina tundu la tufe la mzinga lililopita kifuani mpaka mgongoni. Itazame picha yake kabla hujachagua rangi, uone jinsi shaba ile ilivyo tulivu kuliko dhahabu za kwenye chupa. Vile vinane vya plastiki, kama havina deraya na kofia zao ni za shaba zenye singa, yaelekea ni dragoni, askari wa farasi wasiovaa deraya, na koti lao ni la kijani.

Kwenye farasi nakuomba usiharakishe, kwa sababu farasi ndiye nusu kubwa ya kila kisanamu, na ndiye anayeonekana kwa mtu aliyesimama upande wa pili wa meza. Baada ya praima, yaani rangi ya msingi inayoshika metali, mpake farasi mzima rangi ya akriliki ya kahawia ya machungwa, nyangavu kuliko unavyotaka awe, na umwache akauke kabisa. Kisha mpake rangi ya mafuta ya wasanii, ile ya kahawia iliyoiva, usubiri dakika kumi au kumi na tano, halafu umpanguse taratibu kwa sifongo ya vipodozi. Rangi ya mafuta haikauki kwa maji kukimbia bali kwa kuvuta oksijeni polepole, na ndiyo maana inakupa muda huo wote. Sifongo huifuta juu ya misuli ya mapaja na kifua, ikabaki kwenye mikunjo ya shingo na nyuma ya magoti, hivyo mwanga na kivuli hujitokeza mahali vinapostahili hata kwa mkono wa mwanafunzi. Mwache siku kadhaa. Baadaye mpe singa, mkia na sehemu ya chini ya miguu rangi nyeusi, na kama una hamu mpe mmoja au wawili soksi nyeupe, ukikumbuka kwamba chini ya soksi nyeupe kwato huwa ya rangi hafifu. Farasi wa askari wa deraya wengi walikuwa wa rangi nzito. Wa kijivu mpe mpiga tarumbeta. Farasi huyo usimpake nyeupe tupu, kwa maana farasi wa kijivu huzaliwa na rangi nzito na kuendelea kuwa mweupe kadiri anavyozeeka, huku ngozi ya pua na ya kando ya macho ikibaki nyeusi.

Ukimaliza, paka vanishi ya kung'aa kwanza kwa ajili ya ulinzi, na juu yake ile isiyong'aa, bila kusahau chini ya kitako. Usipulizie siku ya mvua wala kwenye gereji yenye baridi ya Desemba, kwani unyevu huigeuza vanishi kuwa ukungu mweupe, nawe utashtuka ukidhani kutu imerudi. Vanishi, hata hivyo, hupunguza tu kasi ya mvuke wa asidi bila kuuzuia kabisa, kwa hiyo kinga ya kweli ni makazi. Visirudi kwenye droo ya mwaloni, wala visibandikwe kwenye vitako vya mbao za kusagwa na kushindiliwa, ambazo hutoa asidi vilevile. Gundi nyeupe ya maji na silikoni inayonuka siki nazo hutoa asidi hiyohiyo, kwa hiyo vitako viwe vya plastiki au chuma na gundi iwe epoksi. Kisanduku cha chuma kilichotandikwa karatasi ya sumaku, kisichobana hewa kabisa, chenye vifuko vya silika jeli vinavyonyonya unyevu, kinatosha.

Kuna mambo matatu ambayo maandishi yangu hayatoshi. La kwanza, ikiwa mtoto wako ameshawahi kutia mdomoni kisanamu chochote kati ya hivi, au umekwangua unga mahali anapocheza, mpeleke kwa daktari wenu wa kawaida na umweleze wazi kwamba ni risasi. Kipimo cha damu kitatoa jibu, na usingoje dalili, kwa kuwa huweza zisionekane. La pili, ukikuta sandukuni askari wakubwa zaidi, wa milimita 54 hivi, wepesi na watupu ndani, usiwasafishe wala usiwapake chochote. Huenda ni vya William Britain, ambaye kampuni yake ilianza kuvitengeneza kwa namna hiyo mwaka 1893, na rangi ya kiwandani ndiyo thamani yake. Wapeleke kwa mthamini wa vitu vya kale awatazame kwa macho yake.

La tatu ni kuhusu wale sita. Wakishasafishwa, waweke peke yao kwenye kisanduku cha plastiki kwa miezi mitatu kabla ya kuwapaka praima, na kila juma watazame miguu kwa lenzi. Asiyetoa unga mpya mpake rangi kwa moyo mkunjufu. Anayetoa unga tena baada ya kusafishwa mara mbili, na unampenda kiasi cha kutotaka kumwacha, mpeleke kwa mhifadhi wa metali anayefanya kazi na makumbusho, kwa sababu wao wanaweza kuirudisha kutu kuwa risasi kwa kutumia umeme ndani ya kimiminika maalumu, na hiyo si kazi ya kujaribu nyumbani.